Wameshakata?

Likizo ya Juni nilimwahidi bibi kwamba tutashona mfarishi. Neno hilo nililikuta kwenye kamusi. Kwetu Mwamapalala tunasema shuka la viraka tu. Jicho lake la kushoto limefunikwa na mtoto wa jicho, na la kulia limeanza kufuata. Nilikuwa na haraka.

Nikiwa bado hosteli Dar es Salaam, nilianza kutafuta vitambaa. Mtandaoni kulikuwa na vifurushi kutoka Marekani: vipande vimeshakatwa, rangi zimeshapangwa, maelekezo yamo ndani. Gharama ya kusafirisha ilizidi bei ya kifurushi chenyewe. Kariakoo, Mtaa wa Kongo, vitenge vilikuwa tele, lakini kununua doti nzima kwa kila rangi si jambo la mwanafunzi wa uzamili anayesubiri pesa za kujikimu. Yalibaki mabaki ya mafundi cherehani wa Bariadi.

Moyoni nilishachagua kifurushi, hata kwa kukopa. Nikampigia bibi simu, nikakisifia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Wameshakata?"

"Ndiyo, bibi."

"Na kupanga wameshapanga?"

"Ndiyo."

"Sasa mimi mmeniachia nini?"

Nilinyamaza. Nilikuwa nimepiga hesabu ya bei, nauli na siku za kusubiri. Macho yake nayo niliyatia kwenye hesabu, kana kwamba yeye mwenyewe ameshaondoka kwenye kazi.

Niliposhuka Bariadi nilipita kwa mafundi watatu, nikatoka na kiroba kilichojaa: vitenge vya sare za harusi, vipande vya mashati ya shule, pindo za magauni ya kwaya. Nililipa shilingi 5,000. Nyumbani bibi alikimwaga chote mkekani, akaanza kuchambua kwa vidole. Hii pamba, hii tetroni. Tetroni aliitupa pembeni bila kuuliza rangi yake.

Cha kujazia hatukununua. Simiyu ndiyo mkoa unaoongoza nchini kwa pamba, na sehemu kubwa ya nyuzi zake huuzwa nje ya nchi. Bibi ameilima tangu ni msichana, akaipeleka kwenye mizani kila msimu, na hajawahi kulalia hata kilo moja ya aliyoivuna. Safari hii alibakiza kidogo. Jioni tulikaa tukitoa mbegu kwa mkono mpaka vidole vikauma.

Siku moja kabla sijarudi chuoni alimaliza mstari wa nne, akaninyooshea.

"Umenyooka?"

Ulimi ulitaka kusema ndiyo. Nikakumbuka ile simu.

"Umepinda, bibi. Hapa katikati."

Akaupapasa, akapafikia mahali penyewe, akacheka kidogo.

"Nipe wembe," akasema, akaanza kufumua.