Kisu Kiitwacho Kazi

Binamu yangu aishiye Ubelgiji atakuja Bujumbura mwezi wa Agosti kumsalimu bibi yetu, naye aliniuliza kama aniletee kisu. Si kisu cha jikoni. Ni kisu cha kukunja, cha mfukoni, alichokaa nacho miaka mingi, na sasa anataka kukiuza ili anunue kingine. Kwa watu baki bei yake inapita dola 300. Kwangu mimi, kwa kuwa tulilala mkeka mmoja utotoni, alitaka 150. Hata hizo ni zaidi ya mshahara wangu wa mwezi.

Ningemkatalia papo hapo kama si jina. Kisu hicho huitwa Sebenza, toleo la 21. Aliyekibuni ni Chris Reeve, fundi wa visu mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia jimbo la Idaho, Marekani, mwaka 1989. Sebenza ni neno la Kizulu lenye maana ya kufanya kazi. Visu vyake vingine navyo vina majina ya huko kwao: Inkosi, yaani mfalme au chifu; Umnumzaan, yaani bwana mwenye boma. Litazameni hilo la mwisho, ninyi mnaohangaika na ngeli. Um- ya Kizulu, umu- ya Kirundi na m- ya Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja: Mzulu husema umuntu, Mrundi husema umuntu, nasi twasema mtu. Kisu kilichotengenezwa katika baridi ya Idaho kinabeba lugha ambayo bibi yangu angeweza kuikisia nusu. Mwalimu wa lugha ataachaje kutamani kitu cha namna hiyo?

Ufundi wake nao unavutia. Mpini ni vipande viwili vya titani, metali isiyoshika kutu na iliyo nyepesi kuliko chuma kwa zaidi ya theluthi moja. Kipande kimoja kimepasuliwa ufa mwembamba, hata sehemu yake ikawa kama ulimi. Ukikunjua kisu, ulimi huo hujisogeza wenyewe na kukaa nyuma ya ubapa, ukauzuia usirudi kukukata vidole. Hakuna komeo lililoongezwa. Mpini wenyewe ndio komeo. Ubapa, kwa upande wake, ni wa chuma cha pua, kwa sababu titani haidumu na makali.

Toleo la 21 halitengenezwi tena. Nafasi yake imechukuliwa na la 31, lenye gololi ndogo ya kauri pale ulimi unapokutana na ubapa. Binamu hunihubiria kwamba la zamani ndilo lenyewe, na kwamba likipita halirudi. Muuza viatu wa mtaani kwetu naye husema hivyo hivyo.

Niliwaza pia juu ya matengenezo. Kiwanda kiko Boise, na parafujo zake ndogo zahitaji kifunguo cha pekee. Nikampelekea picha fundi mmoja wa Buyenzi, mahali ambapo sijaona gari lililokata tamaa. Akaitazama, akacheka, akasema angenichongea kifunguo hicho kabla ya swala ya adhuhuri. Namwamini. Mwalimu mwenzangu, aliyechoka kunisikiliza, alinitupia methali: mtoto akililia wembe, mpe.

Kilichonikwamisha ni kitu kingine. Muhula uliopita mwanafunzi wetu mmoja wa miaka 16 alikutwa na kisu mkobani. Baba yake huuza mananasi kando ya barabara, na kijana humsaidia kumenya kabla ya kuja shuleni. Alieleza hivyo mbele ya kamati ya nidhamu, nami nilikuwa mmoja wa wanakamati. Nilinyosha mkono pamoja na wenzangu ili asimamishwe masomo wiki moja. Nilisema, na maneno nayakumbuka, kwamba raia mwema hatembei na makali. Kisu chenyewe kilikuwa cha mpini wa mti, noleo limelegea, kimeviringishwa kitambaa kwa kukosa ala. (Noleo ni ile pete ya chuma izuiayo mpini usipasuke, ala ni mfuko wa kisu. Andikeni.)

Hofu yangu ilikuwa na mizizi. Mwaka 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa mwezi wa Oktoba, nilikuwa mtoto mdogo. Vita sikuvielewa. Niliona tu kwamba panga la mama, ambalo siku zote liliegemezwa ukutani karibu na kuni, lilianza kuingizwa ndani kila jioni na kuwekwa chini ya kitanda. Hakuna aliyenieleza sababu. Mpaka leo, mtu akikunjua kisu ndani ya basi, hata kama anamenya chungwa, macho yangu huuona mkono kwanza, chungwa baadaye.

Uingereza, sheria ya mwaka 1988 humruhusu mtu kutembea na kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, lakini kisu chenye komeo hakimo katika ruhusa hiyo: ukikutwa nacho hadharani, shurti uwe na sababu ya haki. Sheria hiyo si yetu, ila swali lake nililiazima. Kijana alikuwa na sababu, tena tuliisikia: mananasi. Nikachukua karatasi niandike zangu. Kufungulia bahasha. Kumenya embe. Kuchonga penseli, kazi ambayo wembe wa dukani huifanya vizuri zaidi. Jibu la kweli lilikuwa kwamba napenda ule mlio wa komeo katika video alizonitumia binamu, na kwamba nilitaka walimu wenzangu waniulize, "Kitu gani hicho?"

Jumapili iliyopita nilimpigia binamu nikamwambia akiuze huko huko. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa kaka, lakini usije ukanilaumu." Nimekwisha kumlaumu mara mbili, moyoni. Mke wangu alisema tu kwamba sasa tunaweza kuzungumzia mabati.

Jumatatu nilikwenda kwa mwalimu wa nidhamu. Kisu cha kijana kilikuwa bado kwenye mtoto wa meza, pamoja na simu zilizonyang'anywa. Kanuni yataka mzazi aje mwenyewe kukichukua, naye hakuja. Siku ya kuja shuleni ni siku ya kutouza. Nikaomba ruhusa nikipeleke.

Nilimkuta akimenya kwa kisu alichoazima kwa jirani. Nilimpa chake kwa heshima, mpini ukimwelekea. Alilitikisa noleo kwa kidole, akanitazama.

"Mwalimu, kijana amefanya nini tena?"

"Hakufanya kitu, mzee," nikasema. "Nimekuja kwa ajili ya ile wiki moja."