Kiwanja hiki kina wenyewe!

Leo nakupeleka nyuma ya hosteli za chuo kimoja hapa Dar es Salaam, jina kapuni. Usiwe na wasiwasi, hakuna kasheshe la mapenzi!

Huko nyuma kuna kiwanja. Nyasi zilifika magotini, viti vibovu vya darasani vimetupwa, na kila masika maji yanatuama. Wakubwa walishasema patakuwa maegesho ya magari. Wanafunzi wangapi wana magari, jamani? Usiniulize mimi.

Mimi nasomea usanifu majengo. Darasani tunachora maghorofa ya vioo ambayo huenda tusipewe kujenga hata moja mpaka tuote mvi, na tukichungulia dirishani tunaona jalala. Nikawaambia washikaji 4: tuanzishe karakana yetu ya ubunifu kila Jumamosi, na kazi ya kwanza iwe kile kiwanja. Sharti moja tu: wiki 2 za mwanzo hakuna kushika penseli. Ni kutazama.

Ujanja huo niliupata kwa Mmarekani William H. Whyte. Yule bwana aliwapiga filamu watu waliokuwa wakipumzika kwenye viwanja vya New York, na mwaka 1980 akatoa kitabu. Aligundua nini? Kwamba watu hukaa pale penye pa kukalia. Basi! Alikuwa pia mmoja wa walioshauri kuhusu Bryant Park ya jiji hilo, iliyokuwa kijiwe cha wauza unga miaka ya 1970. Ilipofunguliwa upya mwaka 1992 iliwekewa viti vya kuhamishika, kila mtu akavuta chake anakotaka.

Nasi tukatazama. Bwana weee! Kumbe lile "pori" lina wenyewe. Njia 3 za mkato zilizochongwa na miguu ya watu zinakutana chini ya mwarobaini. Asubuhi kuna mama anauza chai na chapati, mchana akina dada wanasukana kivulini. Hakuna aliyewapa benchi. Wanakalia matofali na ndoo.

Wiki ya tatu mshikaji mmoja akaja na mchoro bomba: chemchemi, maua, uzio. Nikamuuliza, "Mbona mama hayumo?"

"Tutamtafutia sehemu," akajibu.

Mama mwenyewe alikuwa pembeni anasukuma chapati. Akasema taratibu, "Wanangu, nimeshahamishwa mara 2. Wote walikuja na karatasi nzuri kama hiyo."

Kimya. Nikamwomba radhi kwa niaba ya wote, nikamuuliza, "Mama, wewe ungependa nini?"

"Maji yasituame. Na wateja wangu wapate pa kukaa."

Hapo ndipo tulipopata mchoro. Tukachimba mfereji wa kupeleka maji kwenye migomba, tukapanga mawe kwenye zile njia 3, na mbao za viti vibovu zikageuka mabenchi. Uzio ukafutwa.

Wakubwa wameona, wakatupa mpaka mwisho wa muhula ndipo waamue: magari au watu. Matumbo joto, lakini Jumamosi tunaendelea, na sasa tuko 19.

Na wewe msomaji, mtaani kwako kuna kiwanja gani kinachosubiri kusafishwa? Kabla hujashika penseli au kuita greda, nenda kanywe chai hapo asubuhi moja. Utawajua wenyewe.