Kidonge cha Presha si cha Siku ya Kuumwa Tu

Sisi wauguzi tunaopima presha kanisani baada ya ibada tumezoea kusikia maneno haya: "Sista, dawa niliacha, maana nilishapona." Anayesema hivyo haumwi kichwa wala hana kizunguzungu. Tunamfunga mkanda mkononi, na mashine inasoma 180 kwa 110.

Hatumgombezi. Tunamwuliza alijisikiaje alipokuwa akimeza dawa. Hujibu, "Vizuri tu." Basi, ule uzuri ulikuwa kazi ya kidonge. Presha si kama malaria, ambayo ukimaliza dozi umepona. Dawa hulegeza mishipa ya damu, au hupunguza maji na chumvi mwilini. Nguvu yake ikiisha, presha hupanda tena. Moyo unaosukuma damu kwa shida miaka mingi hunenepa misuli, na mwishowe huchoka. Ndipo mama huvimba miguu na kukosa pumzi akilala. Wengine hupata kiharusi bila kuonywa na maumivu yoyote.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kati ya watu watano wenye presha, wanne hivi hawatibiwi ipasavyo. Nasi tumeona kwamba mara nyingi sababu si uzembe. Mama mmoja alikuwa akigawana vidonge na mumewe, leo yeye, kesho baba, kwa kuwa fedha zilikwenda kwenye ada. Alifanya hivyo kwa upendo, lakini dawa haikumtosha hata mmoja wao. Tuliongea nao wote wawili. Baba akakubali fedha ya dawa itengwe pamoja na ya unga, na daktari akawaandikia dawa za bei nafuu. Baada ya miezi miwili mama alisoma 136 kwa 84.

Wengine huacha kwa sababu ya usumbufu. Kama dawa inakuamsha usiku kwenda haja ndogo, mwulize daktari kama unaweza kuimeza asubuhi. Kama unapata kikohozi kikavu, huenda ni kwa sababu ya vidonge vya jamii ya kaptopril na enalapril, vipo vingine. Vidonge hivyo pia huweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo ukihisi una mimba, wahi kliniki ubadilishiwe. Usiache dawa kimya kimya. Nyingine, kama atenolol, zikiachwa ghafla huweza kuuletea moyo hatari.

Wapo pia waliotupa vidonge baada ya kuombewa. Sisi nasi tunaomba. Lakini twasema: endelea na dawa, nenda ukapimwe, na daktari ndiye aamue kuipunguza.

Nyumbani, meza dawa saa ileile kila siku, labda na chai ya asubuhi. Ukisahau jana, usimeze mara mbili leo. Chumvi ya mtu mmoja kwa siku isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo tayari ndani ya vyakula.

Jioni hii, mama, hesabu vidonge vilivyobaki, vyako na vya baba. Kama havitafika siku ya kliniki, kesho nenda ukavichukue vingine, kabla kopo halijawa tupu.