Abunuwasi na Kalamu ya Gado

Hadithi haidumu kwa kuhifadhiwa. Hudumu kwa kusimuliwa upya. Abunuwasi ni shahidi wa jambo hili. Asili yake ni mshairi Abu Nuwas wa Baghdad, zama za Harun al-Rashid. Lakini Waswahili walimvika kanzu yao wakampa vitimbi vyao, hata mtoto wa Songwa katika Shinyanga, asiyepata kuona jahazi, aweza kumcheka tajiri aliyekubali kuwa sufuria huzaa, kisha akakataa kuwa sufuria hufa.

Mwaka 1996 mhusika huyo mkongwe alipata uso mpya. Godfrey Mwampembwa, ajulikanaye kwa jina la Gado, alitunga na kuchora kitabu cha katuni kiitwacho Abunuwasi, kikatolewa Nairobi na Sasa Sema. Gado alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969. Alianza kuchora magazetini angali kijana, akaingia Chuo cha Ardhi kusomea usanifu wa majengo. Mwaka 1992 akayaacha masomo hayo, akaenda Nairobi kuwa mchoraji wa Daily Nation.

Wako wasemao kuwa katuni si fasihi, ni mchezo wa watoto. Hoja hiyo ina kasoro. Msimuliaji wa ngano hakutumia maneno peke yake: alikunja uso, alitoa macho, alinyamaza palipostahili kimya. Maandishi yalipoichukua hadithi yaliviacha vyote hivyo nyuma, mchoro huvirudisha. Macho ya tajiri yaliyomtoka pima ni sentensi nzima, na nafasi iliyo kati ya picha na picha ndiyo kimya cha msimuliaji.

Lakini ubora wa Gado si wa mkono tu. Kazi yake ya gazetini ni ile ile ya Abunuwasi: kumwonyesha mwenye nguvu sura yake, kwa njia ambayo hata watumishi wake hucheka. Kazi hiyo ina gharama. Januari 2015 gazeti la The East African, lililokuwa limechapisha katuni yake juu ya Rais Kikwete, lilizuiwa kuuzwa Tanzania, serikali ikitoa sababu kuwa halikusajiliwa. Mwaka 2016 ajira yake ya miaka mingi katika Nation ilikoma. Kalamu hakuiweka chini. Alihamia The Standard.

Katika ngano mfalme hukasirika, kisha hucheka, na Abunuwasi hurudi kwake salama. Nje ya ngano kicheko cha mfalme si ahadi. Kwa hiyo ngano haifundishi werevu wa Abunuwasi peke yake. Hufundisha pia kwamba mfalme aliyecheka hakupungukiwa na ufalme.