Kumchagulia Kijana Kitabu

Njia itokayo Iringa kwenda Mbeya ina urefu wa kilomita zaidi ya 300. Hupita katika misitu ya misonobari ya Sao Hill karibu na Mafinga, ikafika Makambako, panapotengana na njia ya Njombe na Songea, kisha ikateremka mpaka Chimala, na kupanda tena mpaka Uyole na Mbeya. Msafiri huyatazama mashamba ya mahindi na viazi, wala hafikiri ya kuwa katika kila ncha ya njia hiyo ipo maktaba ya mkoa. Kazi ya kueneza maktaba za umma nchini ilianza kwa sheria ya mwaka 1963, na maktaba kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1967.

Lakini nyumba iliyojaa vitabu haitoshi, kama vile ghala iliyojaa mbegu isivyotosha kumpa mtu mavuno. Yahitaji mtu wa kuitia mbegu ardhini.

Mfikirie kijana wa miaka kumi na mitatu aingiaye maktaba mara ya kwanza. Amevaa sweta, maana mwezi wa Juni baridi ya Nyanda za Juu ni kali. Husimama karibu na mlango.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Wataka kitabu gani?”

Kijana hunyamaza. Si mjinga, hajui tu jina la kitu akitafutacho. Hapo mtunza maktaba ana nafasi moja. Akimpa kitabu kizito kwa sababu kina sifa, kijana atakirudisha baada ya siku tatu, wala hataonekana tena. Akimpa kinachomfaa, amempatia rafiki wa maisha.

Jambo hili si dogo. Katika Tanzania shule nyingi za msingi hufundisha kwa Kiswahili, na za sekondari kwa Kiingereza. Wengi humaliza elimu ya msingi wakijua kusoma vizuri. Walakini ujuzi usiotumiwa hupata kutu, kama jembe lililoachwa mvuani. Aendaye shambani husahau kwa kukosa kitabu. Aendaye sekondari husoma vya mtihani tu, hata akadhani kusoma ni adhabu.

Wazee wa zamani hawakuwa na vingi vya kuchagua. Mwaka 1929 vilitoka kwa Kiswahili Kisiwa chenye Hazina cha Robert Louis Stevenson na Mashimo ya Mfalme Sulemani cha Rider Haggard, kwa juhudi za Frederick Johnson. Mwaka 1934 James Mbotela wa Kenya alitoa Uhuru wa Watumwa, habari za watu waliotekwa na kukombolewa, wakakaa Freretown karibu na Mombasa. Shaaban Robert alitoa Adili na Nduguze mwaka 1952. Na mwaka 1960 vikatoka Kurwa na Doto cha Muhammed Saleh Farsy, na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Tangu hapo vimeongezeka vingi, basi yafaa kujua namna ya kuchagua.

Kwanza, kijana aulizwe habari zake kabla ya kupewa kitabu. Asiulizwe, “Kitabu gani?” bali, “Wapenda masimulizi ya namna gani?” Apendaye safari na hatari apewe Kisiwa chenye Hazina. Apendaye kufumbua mafumbo apewe Mzimu wa Watu wa Kale, ambamo Bwana Msa hufuata dalili ndogo ndogo mpaka mwuaji ajulikane. Mwenye ugomvi na nduguze apewe Adili na Nduguze, maana humo yumo mtu aliyetendewa uovu na ndugu zake wawili, wakageuzwa manyani, naye akaamriwa kuwapiga kila usiku, hali moyo wake wawahurumia.

Pili, kifupi kitangulie kirefu. Kurwa na Doto si kitabu kinene. Chasimulia mapacha wawili wa kike ambao tabia zao hazifanani, na kijana wa Tukuyu asiyeona bahari huyajua humo maisha ya kijiji cha Unguja.

Tatu, kijana aambiwe kweli juu ya kila kitabu. Mashimo ya Mfalme Sulemani chasisimua, lakini Waafrika wameonyeshwa humo jinsi mgeni wa mwaka 1885 alivyowaona. Kijana aambiwe hivyo, kisha asome na kupima mwenyewe.

Liko tena neno gumu kuliko hayo. Rosa Mistika, kitabu cha Euphrase Kezilahabi cha mwaka 1971, chasimulia binti wa Ukerewe aliyelelewa na baba mlevi na mkali, akaharibikiwa alipotoka mikononi mwake. Kilikatazwa shuleni kwa muda, na baadaye kikasomwa katika shule za sekondari. Waliokikataza waliwahofia watoto. Waliokiruhusu waliwahofia pia. Kwa mtoto wa darasa la sita, wakati wake haujafika. Bali kijana mkubwa ni heri ayakute mambo hayo kwanza kitabuni, akiwa na mtu mzima wa kusema naye, kuliko kuyakuta njiani peke yake. Kwa hiyo mtunza maktaba mwenye busara hamnyimi, wala hampi kimya. Humwambia, “Ukimaliza, njoo tuzungumze.”

Nawe mwanafunzi, usidhani kazi hii ni ya mtunza maktaba tu. Ukisoma kitabu na kukipenda, mwonyeshe mwenzako. Mwambie jambo moja lililokufurahisha, wala usimwambie mwisho wake. Na jioni, kando ya moto, msomee bibi yako kurasa mbili. Neno asilolielewa mweleze kwa Kihehe, Kibena au Kinyakyusa. Kurasa mbili si nyingi, lakini chovya chovya humaliza buyu la asali.

Maswali

1. Kwa nini kijana alinyamaza alipoulizwa kitabu akitakacho?
2. Ujuzi wa kusoma wafananaje na jembe?
3. Je, ni haki kumkataza kijana kitabu? Toa sababu zako.
4. Taja kitabu kimoja ulichokipenda, useme ungempa nani, na kwa nini.