Msitu Usio na Watu, Shimo Lisilo na Miti

Kila anayeshika kamera hufanya maamuzi mawili: nini kiingie katika picha na nini kibaki nje. Uamuzi wa kwanza huonekana na kila mtu. Wa pili hauonekani, na mara nyingi ndio wenye siasa zaidi. Nimefikia kuamini hivyo kutokana na miaka kadhaa ya kutembea na kamera katika ukanda wa dhahabu, kutoka Kahama hadi Geita, na katika visiwa vya kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria. Nayaandika haya kwa ajili ya wanafunzi wangu wanaojiandaa kwenda vijijini kukusanya data, kwa wanaharakati ambao picha ni silaha yao, na kwa watumishi wa umma ambao ripoti zao siku hizi hazikamiliki bila kurasa za picha.

Nianze na Rubondo. Wapo Watanzania wengi wanaoijua Geita kwa dhahabu tu, wasijue kwamba mkoa huohuo una kisiwa chenye msitu mnene wa kijani kibichi, mizizi ikining'inia hadi majini na furukombe wakilia juu ya matawi. Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo ina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 456, karibu nusu yake ikiwa maji. Ukitoka Chato hadi pwani ya Muganza, unapanda boti, na muda si mrefu kelele za pikipiki zinakwisha. Nilipiga picha nyingi huko: nzohe akitembea katika matete kwa kwato zake ndefu zilizoumbwa kwa ajili ya tope, viboko alfajiri, mwanga ukipenya kwenye majani kama maji yanayochuruzika. Ni picha nzuri. Katika picha zote hizo hakuna binadamu hata mmoja.

Utupu huo una historia. Rubondo ilikuwa na wakazi, wengi wao Wazinza, wakivua na kulima. Katika miaka ya 1960, kisiwa kilipofanywa pori la akiba, walihamishiwa visiwa jirani na bara. Mwaka 1977 kikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa. Wakati watu wakitolewa, wanyama walikuwa wakiingizwa. Kati ya mwaka 1966 na 1969, kwa juhudi za Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyamapori la Frankfurt, waliletwa sokwe 17 waliokuwa wakiishi katika bustani za wanyama za Ulaya. Waliachiwa msituni bila mafunzo, wakajifunza wenyewe kutafuta chakula na kujenga viota, na vizazi vyao vipo hadi leo. Waliletwa pia tembo, twiga, mbega na faru weusi. Faru hao walimalizwa na majangili.

Kwa hiyo mgeni anayempiga picha sokwe wa Rubondo na kuandika chini yake "asili isiyoguswa" anaandika jambo lisilo kweli, ingawa picha yenyewe haidanganyi. Yule sokwe ni mjukuu wa wahamiaji, na aliyehamishwa ndiye mwenyeji. Sisemi hifadhi ifutwe. Msitu ule umesalimika katika ukanda ambao miti imekatwa bila huruma, na maji yanayouzunguka ni mazalia ya samaki ambao wavuvi wa nje ya mpaka wanawategemea. Nasema tu kwamba maelezo ya picha yanapaswa kuubeba ukweli ambao lenzi haikuweza kuubeba.

Ng'ambo ya maji hayo, katika mialo ya wavuvi, hali ni kinyume. Huko watu wamejaa hadi ukingoni mwa picha. Asubuhi wanawake hutandaza dagaa waliovuliwa usiku kwa mwanga wa taa, watoto hufukuza ndege, mafundi hukandika pamba na lami katika nyufa za mitumbwi. Nilikuwa na mwanafunzi wangu mmoja siku niliyofika katika mwalo mmoja wa upande wa Chato. Alimwamkia mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa kwa fagio, akaomba kumpiga picha. Yule mama aliitikia marahaba, akajifuta mikono kwenye kanga, kisha akauliza: "Hiyo picha unampelekea nani, mwanangu?"

Mwanafunzi akajibu kwamba ni kwa ajili ya utafiti.

"Utafiti sawa. Lakini huko inakokwenda, watasema mimi ni nani? Watasema ni mfanyabiashara, au watasema ni maskini?"

Tulikaa naye kwa muda mrefu. Alitueleza bei ya ndoo ya dagaa, mkopo wa kikundi chake, mvua iliyomwozeshea mzigo wa siku tatu. Mwishowe alikubali kupigwa picha, kwa sharti kwamba tumwite mfanyabiashara na tumletee nakala. Tangu siku hiyo sijapata swali bora la maadili ya utafiti kuliko lile la kwanza lake.

Wakazi wa kanda ya ziwa wana sababu ya kuuliza hivyo. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper, *Darwin's Nightmare*, kuhusu biashara ya sangara jijini Mwanza. Ilipata sifa kubwa Ulaya na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani kwamba inaichafua nchi, na yalifanyika maandamano ya kuipinga. Mjadala ule ulikuwa na pande mbili tu: msanii wa kigeni aliyesema anafichua unyonyaji, na serikali iliyosema inalinda heshima ya taifa. Wale walioonekana katika filamu, wachakataji wa mapanki na watoto wa mitaani, walizungumziwa sana na kuulizwa kidogo. Mtu anaweza kuamini, kama niaminivyo mimi, kwamba unyonyaji katika biashara ya samaki ni wa kweli na unastahili kufichuliwa, na bado akaona kwamba anayepigwa picha ana haki ya kujua atasimuliwa vipi.

Katika machimbo ya dhahabu swali hilo huwa kali zaidi. Ukifika Nyarugusu na kamera shingoni, maneno hupungua. Wachimbaji wadogo wamejifunza kwamba picha ya duara lenye mawe mazuri inaweza kutangulia leseni ya mtu mwingine. Nao wanaochenjua kwa zebaki wanajua kwamba picha ya mikono yao ndani ya karai itatumika kuwaonyesha kuwa waharibifu. Kinachobaki nje ya picha hiyo ni mwenye karasha, mnunuzi wa dhahabu na mwenye leseni, ambao hawapatikani shimoni saa za kazi. Hubaki nje pia miti: matimba yanayozuia kuta za maduara zisiporomoke yalikuwa msitu wa kijiji fulani. Msitu wa Rubondo hupigwa picha bila watu. Watu wa Nyarugusu hupigwa picha bila msitu walioumaliza na bila tajiri waliyemalizia.

Shinyanga inatufundisha kwamba picha ikizoeleka huweza kuongoza sera. Katika miaka ya 1980 mkoa huo uliitwa jangwa la Tanzania. Ardhi tupu ilikuwepo kweli: miti ilikuwa imefyekwa kwa kampeni za kuangamiza mbung'o tangu enzi za ukoloni, kwa mashamba ya pamba, na kwa mifugo mingi, uhamishaji wa watu katika vijiji vya ujamaa ukavuruga utaratibu wa zamani wa kuhifadhi malisho. Picha ya vumbi ilimwonyesha Msukuma na ng'ombe wake kuwa ndio tatizo. Hata hivyo, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifanikiwa pale ulipomsikiliza Msukuma huyohuyo na kurejea ngitili, yaani kutenga eneo la malisho na kuliacha lijiotee. Zaidi ya hekta 300,000 zilirejea kuwa vichaka na misitu, na mwaka 2002 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Maarifa ya kuponya ardhi yalikuwa kwa mtu aliyesimama ndani ya picha, lakini hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Sheria sasa inatupa pa kuanzia. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu pia picha inayomtambulisha mtu. Lakini fomu ya ridhaa iliyotiwa dole gumba haitoshi ikiwa aliyetia dole hajui picha inakwenda wapi. Katika kozi yangu nimeweka masharti matatu. Mwanafunzi aeleze kwa lugha anayoielewa mwenyeji nani atakayeiona picha. Aandike maelezo ya picha pamoja na mhusika, si akiwa bwenini. Arudishe nakala iliyochapishwa, kwa mkono au kwa basi. Halmashauri nazo zingeweza kuomba nakala za picha zinazopigwa katika maeneo yao na kuzitunza, ili historia ya Chato na Kahama isitafutwe Frankfurt.

Wapo watakaosema masharti haya yanachelewesha kazi. Ni kweli, yanachelewesha. Nakala ya yule mama ilichukua wiki tano kumfikia, kupitia kondakta wa basi na mwendesha bodaboda wa Muganza. Chini yake tuliandika jina alilotupa, mwaka, mwalo, na neno aliloling'ang'ania: mfanyabiashara.