Nguzo ilikuwa nzima juu, chini imeoza

Siku uzio wa bustani ulipoanguka, nilikuwa sebuleni nikiandika habari ya udumavu.

Ilikuwa Machi, mvua zimekolea. Nilikuwa nyumbani kwa Mama, hapa Sumbawanga, na binti yangu wa mwaka mmoja na miezi minane. Habari yenyewe ni ile ambayo sisi waandishi wa afya tumeizoea: Rukwa inavuna mahindi na maharage mpaka inalisha mikoa mingine, lakini Utafiti wa Demografia na Afya na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 49.8 ya watoto wake wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Nilikuwa nimefika kwenye aya ya faida za bustani ya mboga nyumbani, niliposikia Mama akimwita mjukuu wake kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia.

Mtoto hakuwepo uani.

Nyuma ya nyumba kuna bustani ya Mama: mchicha, chainizi, karoti na maboga. Ng'ambo ya uzio kuna shimo ambalo jirani alichimba udongo wa kufyatulia tofali. Wakati wa kiangazi ni shimo tu. Mwezi Machi ni bwawa.

Tulimkuta amechuchumaa ukingoni, anachovya kijiti kwenye maji. Mama alimfikia kabla yangu. Hakusema neno. Alimbeba, akanikabidhi, kisha akaenda kumfukuza mbuzi aliyekuwa anamalizia chainizi.

Nguzo mbili zilikuwa zimelala chini na wavu wake. Ni nguzo za mkaratusi, nilizonunua mwenyewe miaka mitatu nyuma. Juu zilikuwa ngumu, lakini pale usawa wa ardhi ziliachana kwa mkono kama mkate. Wiki mbili kabla niliona moja inayumba, nikaiegemezea jiwe nikaendelea na mambo yangu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikaribia kuchimba kaburi.

Kwa nini huoza palepale

Kuvu wanaoozesha mti wanahitaji maji na hewa kwa pamoja. Sehemu ya nguzo iliyo juu hukauka kwa jua na upepo. Iliyo chini kabisa ina unyevu, lakini hewa ni kidogo. Pale inapotokea ardhini vyote viwili vipo, na mchwa nao hupitia hapohapo. Ndiyo maana nguzo inaweza kuonekana nzima huku imekwisha.

Majirani walinishauri nizipake oili chafu ya gari. Wengi hufanya hivyo, na mchwa huikwepa kwa muda. Lakini oili iliyotumika hubeba metali na kemikali zenye madhara, mvua huishusha kwenye udongo, na mtoto wa umri ule hushika nguzo kisha anatia vidole mdomoni. Hatua mbili kutoka kwenye mchicha, hapana.

Kwa wiki kadhaa tuliishi na miiba iliyopangwa kwenye pengo. Halafu jioni moja, tukichambua maharage, Mama akasema, "Babu zako walifua chuma, mwanangu. Wewe unategemea mti uliozikwa?"

Hakukosea. Wafipa walikuwa mabingwa wa chuma, wakiyeyusha mawe yake katika tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda amezifanyia utafiti, na mabaki yake bado yapo katika uwanda huu wa Ufipa.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea.

Kuchagua kiatu cha nguzo

Fundi alikiita kiatu: kipande cha chuma kinachokaa ardhini na kuishika nguzo juu, ili mti usiguse udongo. Alinieleza aina tatu.

Ya kwanza ina ncha kama mkuki, inapigwa nyundo mpaka izame. Ni ya haraka na haihitaji saruji. Ila ikigonga jiwe inapinda, na ardhi ikilowa sana inaanza kucheza.

Ya pili ina kitako bapa chenye matundu, hufungwa kwa bolti juu ya zege lililokwishakauka. Inafaa barazani, siyo bustanini.

Ya tatu ndiyo tuliyochukua. Ina umbo la herufi H: bapa mbili ambazo mafundi huziita flati ba, unene wa milimita 5, zimeunganishwa katikati kwa kipande cha kukalia nguzo. Kila bapa ina urefu wa sentimita 80. Sentimita 45 zinazama kwenye zege, 5 zinabaki wazi kati ya zege na mti, na 30 zinaikumbatia nguzo. Kila mkono una matundu mawili ya bolti, moja juu na jingine chini. Bolti ikiwa moja tu, nguzo itayumba kama jino.

Usikubali kiatu kilichozibwa pande zote kama kikombe. Maji yakiingia hayatoki, na mti utaozea humo.

Kosa langu lilikuwa vipimo. Nilipima nguzo moja nikaagiza viatu vyote kwa kipimo hicho. Miti ya porini haina usawa, na nguzo nne zikagoma kuingia. Ilibidi tuzichonge, na kila tulipochonga tukapaka rangi. Pima zote, tena upande utakaokaa kwenye kiatu, kabla hujamlipa fundi.

Faida sikuitegemea: hatukununua nguzo mpya isipokuwa mbili. Zile za zamani tulikata kipande kilichooza, na sehemu nzima ikarudi kazini.

Kusimika

Tulisubiri Juni, ardhi imekauka. Kwanza tulisugua viatu kwa msasa na kuvipaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili, hasa kwenye viungo vilivyochomelewa, maana kutu huanzia hapo.

Tulisimamisha kiatu cha kila kona, tukavuta kamba katikati ili vingine vifuate mstari. Kila shimo lilikuwa na kina cha sentimita 60 na upana wa 30, chini tukamwaga kokoto za kupitisha maji. Zege lilikuwa ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Kabla halijashika, tuliweka pima maji pande mbili za kila kiatu. Juu tuliliacha na mteremko ili maji yakimbie.

Kisha ukafuata mtihani wa subira. Tulifunika zege kwa magunia yaliyolowa na kulimwagia maji asubuhi na jioni kwa siku saba, kwa sababu upepo wa Juni hapa hulikausha kabla halijakomaa. Ndipo tukafunga nguzo. Za kona na za geti tuliziongezea mihimili ya mshazari, kwa kuwa ndizo zinazovutwa zaidi na wavu.

Mtoto wakati wa kazi

Mtoto asiwe karibu mashine ya kuchomelea inapowaka. Ule mwanga huunguza macho hata kwa kuutazama muda mfupi. Saruji mbichi nayo huunguza ngozi, hivyo ikimgusa mwoshe kwa maji mengi mara moja.

Kata bolti zinazochomoza na usugue kingo. Na mtoto akijikata, kumbuka kuwa pepopunda haitoki kwenye kutu yenyewe. Vimelea vyake huishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, yaani bustanini kwenyewe. Osha kidonda, mpeleke kituo cha afya, na hakikisha alipata chanjo za wiki ya 6, 10 na 14.

Tena usiache nafasi kubwa chini ya wavu. Ile ya sentimita 5 inatosha maji. Ukiongeza, mtoto anayetambaa atapita.

Kila mwaka kabla ya mvua za Novemba huwa nazunguka na kuitikisa nguzo moja baada ya nyingine. Siangalii juu. Nainama naangalia pale chini, nakaza nati, napaka rangi palipochubuka. Haichukui hata saa moja. Mwezi ule wa Machi sikuwa na saa hiyo, kwa kuwa nilikuwa naandika namna ya kutunza watoto wa wengine.

Mama hakunilaumu hata siku moja. Tulipomaliza bolti ya mwisho, aliishika nguzo ya kona kwa mikono miwili, akaisukuma, akaivuta. Haikutikisika. Akampokea mjukuu wake mgongoni mwangu.

"Haya," akasema, "sasa kaandike."